Mamba wa Mtera

Msafiri wa karne ya 19 aliyepita Ugogo akitoka pwani kwenda Unyamwezi alikuwa na mengi ya kuyahofu, kiu na hongo za watemi zikiwa mbele kabisa, walakini mamba hakuwamo. Kwani katika nchi ile, ambayo mpelelezi Mwingereza Richard Burton aliipita mwaka 1857 baada ya kuvuka nyika kame ya Marenga Mkali, mito aghlabu ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na maji yake hufukuliwa kwa jasho, tena kidogo kidogo. Makao ya mamba yalikuwa kusini, penye mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo, ambako wachungaji walinywesha ng'ombe wao kwa hadhari.

Mambo yaligeuka serikali ya Tanzania ilipojenga ukuta wa bwawa la Mtera, uliokamilika mnamo 1980 ili kukiwekea akiba ya maji kituo cha umeme cha Kidatu, na mtambo wa Mtera wenyewe wa megawati 80 ukafuata mwaka 1988. Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo ikakutana katika bwawa ambalo likijaa hupita kilomita za mraba 600. Wakaja wavuvi wa perege, na mamba, asiyehitaji mwaliko, akapata milki mpya.

Asubuhi hulala ukingoni kinywa wazi, si kwa ghadhabu kama wageni wadhanivyo, bali apunguze joto la mwili. Jike hufukia mchangani mayai yapatayo 40 hata 60, huyalinda kwa muda wa miezi mitatu, na vifaranga wanapolia ndani ya maganda huwafukua na kuwabeba hadi majini kwa meno yale yale yavunjayo mifupa ya ng'ombe. Upole huo, kwangu mimi, unastaajabisha kuliko ukali wake.

Anayetisha zaidi ni yule asiyeonekana, maana hushika desturi za majirani zake, na atekaye maji mahali pamoja kila jioni humzoesha kungoja. Tena bwawa likipungua, kama miaka ya 1990 nchi ilipoingia katika mgawo wa umeme, mashamba na malisho huyafuata maji yarudiyo nyuma, hata watu na mifugo wakamkuta mamba mlangoni pake. Kwa misiba ya namna hiyo, kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliwawekea jamaa za aliyeuawa na mnyama hatari kifuta machozi cha shilingi 1,000,000.