Mwamba Usiobuniwa: Jiografia ya Kweli katika *The Mauritius Command*

Riwaya ya kihistoria humpa mtunzi uhuru wa kubuni wahusika na mazungumzo yao, lakini humbana anapofika kwenye mahali. Jambo hili linadhihirika katika *The Mauritius Command* (1977), riwaya ya nne ya Patrick O'Brian katika mfululizo unaomhusu nahodha Jack Aubrey. Msingi wake ni kampeni ya Waingereza dhidi ya Wafaransa katika visiwa vya Mascarene, baina ya 1809 na 1811. Kiongozi wa kihistoria wa merikebu za Uingereza alikuwa Josias Rowley. O'Brian amempa Aubrey nafasi yake. Hata hivyo, bandari, visiwa na merikebu nyingi zimebaki na majina yake halisi.

Sababu ya uaminifu huo inaonekana Grand Port, kusini-mashariki mwa Mauritius, ambako Waingereza walishindwa mnamo Agosti 1810. Bandari hiyo imezingirwa na matumbawe, na njia ya kuingilia ni nyembamba, ikilindwa na kisiwa kidogo cha Île de la Passe. Pepo za kusini-mashariki, ambazo Waswahili huziita kusi, huisukuma merikebu ndani na kuizuia kutoka. *Sirius* na *Magicienne* zilikwama mwambani zikateketezwa na mabaharia wake. *Néréide* ilitekwa, na *Iphigenia* ikasalimu amri. Katika tukio hili mwamba si pambo la mandhari, bali ndio chanzo cha msiba. Mtunzi aliweza kumbadilisha jemadari. Lau angeuhamisha mwamba, msuko wenyewe ungeporomoka.

Mantiki hiyo hiyo inaeleza mwisho wa kampeni. Mnamo 29 Novemba 1810 majeshi ya Uingereza yaliteremka Grand Baie, pwani ya kaskazini, kisha yakauendea mji mkuu, Port Louis, kwa nchi kavu. Wafaransa walisalimu amri Desemba 3.

Pamoja na usahihi huo, jiografia ya riwaya hii kwa sehemu kubwa ni ya mtu aliyesimama sitahani: hupima kina, upepo na masafa ya mizinga. Iko jiografia nyingine ya kisiwa hicho hicho isiyopimwa kwa bildi. Mnamo 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mashamba ya Île de France yalilimwa na watu waliotolewa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Masharti ya kusalimu amri ya 1810 yalilinda mali ya walowezi, na watumwa walihesabiwa kuwa mali. Utumwa ulikomeshwa kisiwani mwaka 1835 tu.

Kwa hiyo, kuthibitisha kuwa Grand Port ya riwayani inalingana na Grand Port ya ramani ni hatua ya kwanza tu ya uhakiki. Hatua ya pili ni kuuliza ramani hiyo ilichorwa kutoka wapi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, njia ya kwenda Mauritius haianzii Uingereza wala Rasi ya Tumaini Jema. Inaanzia Kilwa, na waliopitishwa njia hiyo hawakuwa manahodha.