Mnara wa Viputo Haupimwi kwa Wastani

Miongo kadhaa iliyopita, kampuni ya ICI ilijenga huko Billingham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mnara wa kuchachulia wenye urefu wa takriban mita 60 na ujazo wa mita za ujazo 1,500. Humo bakteria walilishwa methanoli ili kupata Pruteen, protini ya kulishia mifugo. Mnara haukuwa na mashine ya kukoroga. Hewa iliyopulizwa chini ndiyo iliyozungusha kimiminika na kuwapa bakteria oksijeni.

Oksijeni haiyeyuki kirahisi. Katika nyuzijoto 25, lita moja ya maji yanayogusana na hewa ya kawaida hubeba miligramu 8 hivi tu, na molekuli zake husambaa majini polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Kwa hiyo kikwazo kikuu ni utando mwembamba wa kimiminika unaokizunguka kila kiputo. Wahandisi huieleza kasi ya kuuvuka kwa namba moja, kLa, kisha huizidisha kwa pengo lililopo kati ya oksijeni inayoweza kuyeyuka na ile iliyokwisha kuyeyuka.

Tatizo huanza namba hiyo inapotajwa kana kwamba ni ya mnara mzima.

Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo kwa takriban atmosfia 1. Chini kabisa mwa mnara wa Billingham, shinikizo lilikaribia atmosfia 7, na uwezo wa oksijeni kuyeyuka ukapanda kwa kiasi kama hicho. Kiputo kilipopanda kilivimba huku oksijeni yake ikipungua; juu, shinikizo liliposhuka, kabonidayoksaidi ilitoka kama kwenye soda iliyofunguliwa. Methanoli nayo ilibidi iingizwe kupitia matundu mengi, maana ikirundikana mahali pamoja bakteria huipoteza bure.

Kuongeza hewa si dawa ya kila kitu. Kwa hewa na maji, kasi ya gesi ikipita sentimita 5 hivi kwa sekunde, viputo vingi huungana, na vile vikubwa hukimbilia juu kupitia katikati. Kwa kiasi kilekile cha gesi, kipenyo cha viputo kikiongezeka maradufu, eneo la mgusano hupungua kwa nusu. Chumvi huzuia viputo visiungane, ilhali dawa ya kuzuia povu huviunganisha. Ndiyo maana kipimo kilichofanywa kwa maji ya bomba kwenye chombo cha maabara chenye kimo cha mita 2 hakitoshi kusanifu kiwanda.

Pruteen ilishindwa sokoni, hasa kwa sababu soya ilikuwa rahisi zaidi, wala si kwa kukosa oksijeni. Utaalamu wake haukupotea: Quorn, chakula cha kuvu, nayo huzalishwa Billingham katika minara inayozungushwa kwa hewa. Ripoti za minara ya aina hii zinapaswa kuonyesha shinikizo, ukubwa wa viputo na oksijeni kwa kila kimo, vikiwa vimepimwa katika kimiminika chenyewe cha kiwandani.