Matembezi ya Kasisi wa Selborne

Watu wengi hudhani kuwa historia ni kazi ya wafalme, mabaharia na majemadari peke yao. Majina yao ndiyo yajaayo vitabuni, na tarehe za vita vyao ndizo tulizozikariri sote shuleni, nami nikiwamo. Lakini iko historia nyingine iliyoandikwa na watu waliotembea kwa miguu karibu na nyumba zao, njia ile ile mwaka baada ya mwaka, huku wakiweka kumbukumbu ya waliyoyaona. Mmoja wao alikuwa kasisi wa kijiji cha Uingereza, jina lake Gilbert White. Hakuvumbua bara wala hakushinda vita. Aliangalia hali ya hewa, miti na ndege kwa zaidi ya miaka 40, akaandika. Na katika jambo moja alilolipenda kuliko yote, alikosea. Kosa hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ili tuifahamu kazi yake, yatupasa kwanza kuyafahamu majira ya nchi yake. Sisi tukaao karibu na Ikweta tumezoea mchana na usiku kuwa karibu sawa mwaka mzima, na mwaka wetu hugawanywa na mvua. Kule Uingereza mambo ni mbali. Mwezi wa Desemba mchana haufiki muda wa saa 8, na mwezi wa Juni hupita saa 16. Baina ya giza lile na mwanga ule ndipo yanapokuja majira ya kuchipua, wakati miti iliyosimama uchi tangu Novemba inapoanza kutoa majani.

Lakini majira hayo hayaji kama mgeni aliyealikwa, akabisha hodi akaingia. Huja, hurudi nyuma, huja tena. Sababu yake yaeleweka. Nchi ile ni kisiwa baina ya bahari ya Atlantiki na bara la Ulaya, mahali ambapo hewa ya baridi itokayo kaskazini hukutana na hewa ya joto na unyevu itokayo kusini-magharibi. Mwezi wa Machi na Aprili jua limekwisha kupata nguvu, nalo huipasha ardhi joto, ila bahari ingali baridi na hewa ya juu ingali baridi. Hewa iliyopata joto chini hupanda upesi, mawingu hujikusanya, mvua hunyesha kwa vipindi vifupi, kisha jua hutoka tena kana kwamba halikutokea neno. Mtu aweza kuondoka nyumbani jua likiwaka, akapigwa na mvua ya mawe njiani, na kabla ya kufika aendako nguo zikaanza kumkauka mwilini. Hata theluji huweza kuanguka katika Aprili, juu ya maua yaliyokwisha kufunguka.

Katika karne ya 18 jambo hili halikuwa la mazungumzo tu. Kwa mtu maskini, mwanzo wa majira ya kuchipua ulikuwa wakati mgumu, maana akiba ya wakati wa baridi ilikuwa karibu kwisha na mazao mapya bado hayajakomaa. Majani yakichelewa kuota, malisho yalikuwa haba na wanakondoo walikufa kwa baridi. White mwenyewe aliandika kuwa miaka ya mvua nyingi aliyoiona mfululizo ingalileta njaa kama ingalitokea karne moja au mbili kabla yake. Basi aliyeuliza, “Je, baridi imekwisha kweli?” aliuliza habari ya chakula.

Gilbert White alizaliwa mwaka 1720 katika kijiji cha Selborne, wilaya ya Hampshire, yapata kilometa 80 kutoka London. Alisoma Oxford, akawa kasisi, na angaliweza kutafuta cheo kikubwa mahali pengine, lakini moyo wake ulikuwa kijijini. Juu ya nyumba yake kilikuwapo kilima chenye msitu, kirefu kiasi cha meta 90 kupita kijiji. Mwaka 1753 yeye na ndugu yake John walichimba njia ya kupindapinda ipandayo kilima hicho, na njia hiyo ingalipo hata leo. Zilikuwako pia njia mbili za zamani, ambazo magurudumu na maji ya mvua yalikuwa yamezichimba kwa karne nyingi, hata zikawa chini ya mashamba kwa kiasi cha meta 5. Aliyepita humo alikuwa kama mtu atembeaye ndani ya handaki, mizizi ya miti ikining'inia kando zote mbili. White alipanda farasi alipokuwa na safari, kwa kuwa gari la farasi lilimtia kichefuchefu; lakini katika kijiji chake alitembea kwa miguu, mvua isinyeshe, mvua inyeshe.

Tangu mwaka 1751 aliweka daftari la bustani yake. Mwaka 1768 alianza kutumia daftari jipya lililopigwa chapa, lililobuniwa na rafiki yake Daines Barrington, aliyekuwa jaji. Kila ukurasa ulikuwa na safu za kujaza: joto, uzito wa hewa, upepo, mvua, mti gani umetoa majani, ua gani limefunguka, ndege gani ametokea. Naona kazi ile ilihitaji uvumilivu kuliko akili. Kuandika siku ambayo jambo la ajabu limetokea ni rahisi. Kuandika siku ambayo hapana kitu, ila upepo umegeuka kutoka magharibi kwenda kaskazini, ndiko kugumu. White aliziandika siku za namna hiyo kwa maelfu. Barua zake kwa Barrington na kwa mtaalamu mwingine, Thomas Pennant, zilitiwa katika kitabu kilichotolewa mwisho wa mwaka 1788, ingawa ukurasa wake wa kwanza wautaja mwaka 1789. Kitabu hicho kimepigwa chapa mara nyingi mno tangu siku hizo. Humo alionyesha, mathalani, kuwa ndege fulani wadogo waliodhaniwa kuwa wa namna moja walikuwa wa namna tatu. Aliwatambua kwa kusikiliza nyimbo zao.

Sasa nifikie habari ya mbayuwayu. Kwa miaka mingi White alikuwa ameona kuwa ndege huyu huonekana Selborne mnamo tarehe 13 Aprili, akakaa mpaka majira ya joto yaishe, kisha akatoweka. Huenda wapi? Leo mtoto wa shule hujibu mara moja. Wakati ule wataalamu walibishana. Wengine walisema huvuka bahari kwenda nchi za joto. Wengine, na Linnaeus wa Sweden alikuwa miongoni mwao, waliamini kuwa hulala chini ya maji mpaka baridi ipite. White hakuridhika na maneno ya vitabu, akataka kuona kwa macho yake.

Alichokiona ndicho kilichompoteza. Mwaka 1770 na mwaka 1771 majira ya kuchipua yalikuwa mabaya kupita kiasi. Mbayuwayu wa kwanza walifika, wakakuta theluji na sakitu, wakatoweka. Hali ya hewa ilipokuwa njema walionekana tena. White akafikiri hivi: ndege mdogo kama huyu hawezi kurudi nchi za mbali kwa sababu ya siku chache za baridi, kisha akaja tena, basi bila shaka amejificha mahali karibu. Vuli pia ilimtia katika shaka ile ile, kwa maana ndege walioonekana kuwa wamekwisha kwenda waliweza kuibuka siku moja ya joto katika Novemba. Akawatuma watu wapekue vichaka vya kilimani, labda watawakuta wamelala. Hawakumkuta hata mmoja.

Labda kobe wake naye alichangia. Mwaka 1780 White alirithi kobe mzee aliyeitwa Timothy, baada ya kifo cha shangazi yake. Alimfukua mwezi wa Machi kutoka ardhini alikokuwa amelala wakati wa baridi, akamsafirisha kwa gari. Mtikiso wa safari ulimwamsha kobe hata akatembea bustanini mara mbili. Lakini jioni ilipokuwa baridi alijifukia tena. Mtu aliyeona kiumbe akilala miezi mingi udongoni, na kuamka na kulala tena kama hewa inavyogeuka, si ajabu akidhani ndege naye aweza kufanya hivyo.

Simcheki White. Leo twajua kuwa mbayuwayu hula wadudu warukao, na baridi ikiwaondoa wadudu, ndege huyo huacha mashamba akatafuta chakula juu ya mito na maziwa, ambako wadudu hawakosekani kabisa. Wengine hufa njaa. Lakini mtu asimamaye katika kijiji kimoja atazijuaje habari hizo? Yeye huona ndege wako, halafu huona hawako. Hawezi kujua kama wamejificha, wamekwenda maili tano, au wamekwenda mwisho wa dunia. La kusikitisha ni kwamba jibu lilikuwa nyumbani mwake. Ndugu yake John, yule yule aliyechimba naye njia ya kilima, alikuwa kasisi wa askari huko Gibraltar, na alikuwa amewaona mbayuwayu wakivuka mlango wa bahari baina ya Ulaya na Afrika, wakati wa kuchipua na wakati wa vuli. White alizipokea habari hizo, akaziamini, hata akaziandika katika barua zake. Walakini alishikilia kuwa baadhi ya ndege hubaki Uingereza. Alikufa tarehe 26 Juni, 1793, akiwa bado na swali lake.

Wakati huo alikuwako mzee mwingine, Robert Marsham, mwenye mashamba na misitu huko Norfolk, mashariki ya Uingereza. Huyu alianza mwaka 1736 kuandika dalili za majira ya kuchipua: siku ua la kwanza lilipofunguka, siku vyura walipoanza kulia, siku mbayuwayu walipofika, siku mwaloni ulipotoa majani. Dalili zake zilikuwa 27. Alipokisoma kitabu cha White alimwandikia barua, na wazee hao wawili, mmoja wa miaka 70 na mwingine wa miaka 82, wakawa marafiki kwa kalamu mpaka White alipofariki. Marsham naye alikufa mwaka 1797, lakini daftari lake halikufa. Mwanawe, kisha wajukuu na vitukuu, waliliendeleza mpaka mwaka 1958. (Msomaji mwangalifu atakumbuka kuwa mwezi wa Septemba 1752 Waingereza walibadili kalenda yao, wakaruka siku 11. Kwa hiyo tarehe za miaka ya kwanza haziwezi kulinganishwa na za baadaye bila hesabu.)

Marsham hakuwa na nia ya kujua kama hewa ya dunia inabadilika. Katika siku zake swali hilo halikuwapo. Lakini wataalamu wa siku zetu, walipolinganisha daftari la familia yake na vipimo vya joto vya Uingereza vinavyoanzia mwaka 1659, waliona wazi kuwa joto la mwanzo wa mwaka likizidi, mwaloni hutoa majani mapema. Uchunguzi wao ulitolewa mwaka 1995. Siku hizi, watu wanapobishana kama majira ya kuchipua yanakuja kabla ya wakati wake wa zamani, hurudi kwenye kurasa za mzee yule aliyezunguka mashambani kwake kusikiliza vyura.

Na swali la White je? Lilijibiwa na watu wengi, si na mmoja. Mwaka 1899 mwalimu wa shule nchini Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za madini miguuni, kila moja na namba yake. Waingereza waliifuata kazi hiyo mwaka 1909. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu alivishwa pete katika wilaya ya Staffordshire. Mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwendo wa kilometa 9,000 na zaidi. Ubishi wa karne nyingi ulikatwa na kipande cha madini kilichoweza kukaa juu ya ukucha wa mtoto.

Huku kwetu Kenya mbayuwayu watokao Ulaya na Asia huonekana tangu Septemba mpaka Aprili. Hatuwezi kudai kuwa ni wa Selborne, kwa kuwa wengi wa wale wa Uingereza hupita njia za magharibi kwenda Afrika Kusini. Ila ni ndege wa namna ile ile. Mvua za masika zinapokaribia hujipanga juu ya nyaya za simu, wakiwa kama wasubirio jambo, na asubuhi moja nyaya huwa tupu. Wakati mmoja niliwaomba wanachuo wangu wa ualimu waandike siku ya mwisho waliyowaona katika uwanja wetu. Mmoja aliandika tarehe 9 Aprili. Wa pili aliandika tarehe 14. Wa tatu alisema kwa kiapo kuwa amewaona katika Mei, tukabishana naye muda mrefu, hata tulipotoka nje pamoja akatuonyesha ndege wake. Walikuwa mbayuwayu wa namna nyingine, wale wakaao nchini mwaka mzima. Tarehe mbili za kwanza nimeziandika nyuma ya daftari la mahudhurio, na chini yake nimeacha mstari mtupu kwa ajili ya mwaka ujao.