Mwokaji wa Köln na Wanawe



Mwaka 1842 ujenzi wa Kanisa Kuu la Köln, nchini Ujerumani, ulianza upya. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248, kisha kazi ikaja kusimama kwa karibu karne tatu.

Siku hizo aliishi mjini humo mwokaji kijana, Franz Stollwerck, aliyezaliwa mwaka 1815 na kufungua duka lake mwaka 1839. Mwaka 1843 alianza kutengeneza pipi za kutuliza kikohozi. Wauza dawa walilalamika kwamba anaingilia kazi yao, lakini wanunuzi walizipenda na jina lake likavuma. Baadaye akaingia katika chokoleti.

Wanawe walijifunza kazi kwake. Walipokuwa watu wazima, hawakupatana na baba yao juu ya uendeshaji wa biashara. Mwaka 1871 wakaanzisha kampuni yao, Gebrüder Stollwerck, yaani Ndugu Stollwerck. Baba na wana wakawa washindani katika mji mmoja. Vijana hao hawakuwa wavivu. Heinrich alibuni mashine ya kusagia chokoleti hadi ikawa laini. Ludwig alikuja kueneza mashine zinazotoa chokoleti mtu akitumbukiza sarafu.

Franz alifariki mwaka 1876. Baada ya kifo chake ndipo biashara hizo mbili zilipoungana, na kampuni ikawa miongoni mwa zile kubwa za chokoleti Ulaya. Kanisa Kuu lilikamilika mwaka 1880, miaka minne baada ya mzee kuzikwa.

Wajenzi wa Kanisa lile walijua kwamba hawataiona paa, hata hivyo walipanga mawe yao vema, wakawaachia wengine waendelee. Je, sisi tunajua kuachia? Musa alimwekea Yoshua mikono angali hai, mbele ya jumuiya yote (Hes 27). Lakini kwetu, mara ngapi watoto hugombania hati ya kiwanja kabla udongo wa kaburi haujakauka, kwa sababu mzee hakutaka kuulizwa?

Baba, mwite mwanao juma hili. Mwoneshe vitabu vya duka na mipaka ya shamba. Nawe kijana, uliyeondoka kwa hasira, rudi umsalimu mzee. Msingoje msiba uwapatanishe.

Mungu awabariki nyote.