Chama Kilichomeza Makundi

Kila mwaka ninapofundisha mfumo wa serikali ya Marekani, wanafunzi huelewa upesi sura ya vyama na sura ya uchaguzi. Hukwama kwenye makundi ya masilahi. Wanajiuliza inawezekanaje wakulima wa ngano, walimu au wamiliki wa bunduki wawe na jumuiya yenye nguvu ya kumtisha mbunge, ilhali jumuiya hiyo haitaki kushika dola wala haijiiti chama cha upinzani. Mmoja aliwahi kuniuliza, kwa dhati kabisa: "Sasa Mwalimu, hao wako upande gani?" Swali hilo halinifundishi lolote kuhusu Marekani. Linanifundisha mengi kuhusu Tanzania, na ndiyo maana nimeona nilijibu kwa historia.

Mwaka 1787, katika makala ya kumi ya mfululizo uitwao The Federalist, James Madison alikiri kwamba watu wakiwa huru watagawanyika tu, hasa kwa sababu ya mali, na kwamba kuung'oa mgawanyiko huo ni lazima kuung'oa uhuru wenyewe. Akaona dawa ni nchi kubwa yenye makundi mengi, ili lisipatikane moja la kuyameza mengine. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu juu ya demokrasia na mfumo wa vyama, akashika njia nyingine: vyama vya Ulaya na Marekani vilizaliwa na matabaka, kwetu TANU imezaliwa na taifa zima, na penye chama kimoja kilicho sawa na taifa demokrasia husimama imara zaidi kuliko penye vyama viwili ambavyo kila kimoja ni kipande cha jamii. Hoja hiyo si ya kubezwa. Ila inaacha neno moja bila jibu: vile vipande vya jamii vilivyomo ndani ya taifa vitasemea wapi?

Turudi kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21 na, pamoja na mengine, awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Tena alilazimika kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Aliyepiga moja tu, karatasi yake iliharibika. TANU ilikutana Tabora Januari 1958 ikaamua, baada ya mabishano makali, kuingia katika uchaguzi huo wa kudhalilisha badala ya kuususia. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha African National Congress. Chama cha United Tanganyika Party, kilichozaliwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kilitegemea kwamba kura tatu zingekinufaisha. Zikakizika, kwa kuwa TANU iliwaunga mkono Wazungu na Waasia wake yenyewe.

Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini Mzungu huyo alikuwa Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, mjane wa Lord Chesham aliyekuwa mstari wa mbele kuwaleta walowezi wa Kiingereza katika nyanda hizi miaka ya 1930. Wanafunzi wangu hushangaa: mama wa Kimarekani, mke wa mlowezi, akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za wafuasi wa TANU! Mimi sishangai. Chama kilichokuwa kikitafuta kushinda kilijua kuhesabu.

Na kilijua kujumlisha. Waraka wa 1953 uliwazuia watumishi wa serikali kuingia katika TAA, na marufuku hiyo ikaendelea kuwabana baada ya TANU kuzaliwa 1954. Kwa hiyo chama kiliegemea watu ambao mishahara yao haikutoka serikalini, na wengi wao walikuwa na vyombo vyao tayari: vyama vya ushirika vya pamba na kahawa, wafanyabiashara wa sokoni, vikundi vya ngoma vya kina mama wa Dar es Salaam ambavyo Bibi Titi Mohamed aliviendea kimoja kimoja, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoanzishwa 1955 Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Mtu akiitazama TANU ya 1958 kwa jicho la Madison, ataona muungano wa makundi ya masilahi uliokubaliana jambo moja tu, kwamba mkoloni aondoke.

Mkoloni alipoondoka, makubaliano yakaisha na makundi yakabaki. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kile kimoja alikitwaa Herman Sarwatt wa Mbulu, mwana TANU aliyesimama kama mgombea huru dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Mwaka 1962 Mtemvu alipambana na Nyerere kuwania urais akaambulia kura 21,276, wakati mshindani wake alivuka milioni moja. Upinzani wa vyama haukuwa tishio. Tishio, kwa macho ya serikali, lilitoka kwa wafanyakazi. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa TFL na wa wafanyakazi wa mashamba, alihamishiwa kwa nguvu Sumbawanga kwa sababu ya migomo ya mkonge. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini, na mwezi uliofuata TFL ikavunjwa, ikazaliwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais na papo hapo alikuwa Waziri wa Kazi. Atakayedai nyongeza ya mshahara anamdai nani, ikiwa mdai na mdaiwa ni mtu mmoja?

Tusiwe wachoyo wa haki. Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, ulikuwa na ushindani kuliko wengi wanavyodhani leo. Katika kila jimbo lenye ushindani walisimama wana TANU wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyeinuliwa na ushirika wa pamba. Mwananchi aliweza kumwondoa mtu. Hakuweza kuondoa sera, wala kukutana na wenzake wa kazi moja wakaja na sera yao.

Isimani ya Iringa ilitulipisha gharama ya jambo hilo. Sikukuu ya Krismasi ya 1971 mkulima wa mahindi, Said Mwamwindi, alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, katika kipindi ambacho mashamba makubwa yalikuwa yakiingizwa katika ujamaa. Mwamwindi alinyongwa kwa mujibu wa sheria. Sitetei mauaji. Nasema tu kwamba wakulima wa Isimani hawakuwa na chombo chao cha kukaa mezani na mkoa, na mwaka 1976 hata vile vyombo vichache vilivyobaki, yaani vyama vikuu vya ushirika, vilivunjwa na kazi yao kupewa mamlaka za mazao. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982, vikiwa chini ya kivuli cha chama.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi Julai 1992, ingawa Tume ya Jaji Nyalali ilikuta takribani asilimia 77 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee. Tuliruhusu vyama, makundi tuliendelea kuyaogopa. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, chini ya Profesa Anna Tibaijuka, liliwafundisha wanawake kupima wagombea wa 1995 kwa mahitaji yao. Likashutumiwa kwamba linafanya siasa kama chama, na mwaka 1997 likafutwa. Mahakama Kuu ilitamka 2009 kwamba kufutwa huko kulikiuka Katiba. Miaka kumi na miwili ni mingi kwa jumuiya kuishi bila ofisi, bila mikutano na bila ada.

Hebu sasa mtu afike Igowole, Mufindi, msimu wa viazi. Ataona magunia yenye kilemba, lumbesa, yakipakiwa kwenye malori, mkulima akilipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia. Sheria ya vipimo ipo, makatazo yametolewa mara nyingi, na sijasikia kampeni ya ubunge katika ukanda huu ambayo mgombea hakuilaani lumbesa. Mnunuzi mwenye lori anajua bei ya Dar es Salaam ya asubuhi hiyo. Mkulima anajua kwamba viazi vyake vitaoza. Katika jimbo la wakulima wa viazi nchini Marekani, chama cha wakulima kingemuuliza mgombea atapigaje kura juu ya vipimo, kingeandika jibu lake, na baada ya miaka kadhaa kingelitoa hadharani. Igowole mgombea huulizwa na mtu mmoja mmoja, hujibu, hupigiwa makofi. Jumuiya ya kuweka kumbukumbu haipo, na mwenye kuianzisha ataulizwa kwanza lile swali la mwanafunzi wangu: yuko upande gani?

Hata akitaka kugombea mwenyewe kwa ajili ya viazi tu, njia imefungwa. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994 na tena 2006 kuhusu mgombea binafsi. Mahakama ya Rufani ikatengua 2010 ikisema hilo ni la Bunge. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikampa haki Juni 2013. Mtikila alifariki dunia 2015. Katiba na sheria bado zinamtaka kila mgombea, wa udiwani, ubunge na urais, adhaminiwe na chama, na Herman Sarwatt angezaliwa leo asingeruhusiwa hata kuchukua fomu.