Mifupa ya Ahmed na Kalamu ya Mwanafunzi

Mbele yako kimesimama kiunzi cha mifupa ya Ahmed, ndovu adhimu wa Marsabit, ambaye kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1970 aliwekewa ulinzi usiku na mchana, hata alipokufa kifo cha maumbile mwaka 1974, pembe zake zingali kamili.

Wanafunzi waketio hapa kumchora kwa kalamu za risasi aghalabu hukosea mahali pamoja: huudhania uwazi mpana ulio katikati ya fuvu kuwa tundu la jicho, ilhali ni njia ya pua, palipoanzia mkonga usio na mfupa hata mmoja; macho yalikuwa pembeni, chini zaidi. Tazama na miguu: mnyama huyu mzito husimama karibu juu ya ncha za vidole, kisigino kikilala juu ya mto wa mafuta usiosalia leo.

Mbona basi uchore, usipige picha tu? Kamera hupokea kila kivuli, bali mchoraji hana budi kuchagua, na katika kuchagua huko ndipo aonapo, kama alivyoona Joy Adamson alipochora maua ya Kenya.

Anza mchoro wako na uti wa mgongo. Fuvu liache liwe la mwisho.