Lozi za California zilizoandikwa 'mbichi' Marekani zimeshapita kwenye joto au gesi: Hivi ndivyo unavyoweza kupata mbichi za kweli

Unaingia supermarket Houston, Minneapolis au Toronto, unachukua pakiti ya lozi. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa neno la Kiingereza "raw", yaani mbichi. Unalipa, unarudi nyumbani ukiamini hazijawahi kuguswa na moto.

Kumbe kama zimelimwa California, karibu hakika zimeshapitishwa kwenye mvuke wa moto au zimefukizwa kwa gesi ya kuua bakteria.

Na muuzaji hajavunja sheria yoyote. Tangu Septemba 1, 2007, lozi za California zinazouzwa Marekani, Canada na Mexico ni lazima zitibiwe kwanza. Kwa kuwa California ndiyo inayolima karibu lozi zote za Marekani, na takriban asilimia 80 ya lozi za dunia nzima, ni vigumu kuikwepa sheria hiyo ukiwa dukani.

Wapo wanaotafuta lozi mbichi kwa sababu ya ladha, wengine kwa ajili ya kutengeneza maziwa ya lozi nyumbani, wengine hawataki tu chakula kilichopitia kiwandani. Swali lao ni moja: zinapatikana wapi? Majibu yapo, ila yanakuja na tahadhari zake.

Yote yalianza na Salmonella

Zamani watu wengi waliamini karanga, korosho na lozi ni vyakula vikavu mno kubeba ugonjwa. Imani hiyo iliyumba mwaka 2000 na 2001.

Wagonjwa 168 walithibitishwa kuambukizwa aina moja ya bakteria wa Salmonella, 157 wakiwa Canada na 11 Marekani. Uchunguzi uliwafikisha wataalamu kwenye lozi mbichi za California.

Mwaka 2004 yakajirudia. Safari hii walikuwa wagonjwa 29 katika majimbo 12 ya Marekani na nchini Canada, na zaidi ya tani 5,000 za lozi zikaondolewa sokoni.

Bakteria wanafikaje kwenye lozi? Angalia zinavyovunwa. Kuanzia mwezi Agosti, mashine hushika shina la mti na kulitikisa kwa nguvu. Lozi zinadondoka chini, zinaachwa siku kadhaa zikauke juani, kisha zinafagiliwa na kukusanywa. Muda wote huo zipo juu ya udongo, ambako kunaweza kuwa na kinyesi cha ndege au wanyama.

Tatizo jingine ni kwamba Salmonella ni mvumilivu. Akishakaa kwenye lozi kavu anaweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja, na kuziweka kwenye friza hakumuui.

Zinatibiwa vipi?

Utaratibu huu unaitwa upasteurishaji, jina lile lile linalotumika kwa maziwa ya pakiti. Sheria inataka bakteria wapunguzwe angalau mara 10,000. Maana yake, kama walikuwepo 10,000, abaki mmoja.

Njia zinazotumika ni hizi:

• Mvuke. Lozi hupitishwa kwenye mvuke wa moto kwa muda mfupi. Joto linagonga ganda la nje zaidi kuliko kiini, hivyo kwa macho lozi inaonekana vile vile.

• Gesi ya propilini oksaidi, maarufu kama PPO. Lozi hufungiwa kwenye chumba na kufukizwa. Marekani inairuhusu, Umoja wa Ulaya hairuhusu kwenye chakula. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

• Maji ya moto. Hii ni kwa lozi zinazomenywa ngozi ya kahawia zikabaki nyeupe.

• Kukaanga, iwe kwa mafuta au kwa joto kavu.

Zilizokaangwa na zilizomenywa mtu anazijua kwa kuzitazama. Utata uko kwenye zile za mvuke na gesi, kwa sababu ndizo zinazowekwa kwenye pakiti yenye neno "raw".

Kwa nini basi ziitwe mbichi?

Sheria za Marekani hazikuweka maana rasmi ya neno hilo kwa lozi. Sokoni linatumika kumaanisha lozi ambayo haijakaangwa, basi. Muuzaji pia halazimiki kuandika kwenye pakiti kama alitumia mvuke au gesi.

Hili si geni kwa Mtwara na Lindi. Korosho inayoitwa mbichi dukani nayo huwa imeshapata joto, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na ni lazima lipikwe kwa mvuke au kuchomwa kabla ya kubanguliwa. Tofauti ni kwamba korosho inapata joto ili ibanguliwe kwa usalama, wakati lozi inapata joto kwa sababu ya bakteria tu.

Wapo wakulima walioipinga sheria hii. Mwaka 2008 kundi la wakulima na wauzaji wa California waliishtaki Wizara ya Kilimo ya Marekani, wakisema haikuwa na mamlaka ya kuweka sharti hilo na kwamba wanapoteza wateja wanaokimbilia lozi za nje.

Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu kuendelea na kesi, lakini 2013 mahakama hiyo hiyo ikakubaliana na uamuzi uliowaangusha. Sababu kubwa ilikuwa kwamba hawakutoa hoja hizo wakati sheria inajadiliwa. Sharti likabaki.

Mbichi za kweli zinapatikana wapi?

1. Kwa mkulima mwenyewe

Sheria iliacha mlango mmoja mdogo. Mkulima wa California anaweza kumuuzia mlaji moja kwa moja lozi zake ambazo hazijatibiwa, kwenye kibanda cha shambani au soko la wakulima. Kikomo ni pauni 100, sawa na kilo 45 hivi, kwa mteja mmoja kwa siku.

Kilo 45 kwa familia ni nyingi sana, kwa hiyo kikomo hakimbani mlaji wa kawaida. Kinachombana ni umbali, kwa sababu mashamba yako kwenye Bonde la Kati la California. Msimu mzuri ni Septemba na Oktoba, mavuno yanapokuwa mapya.

2. Lozi kutoka nje ya Marekani

Sharti la 2007 linahusu lozi zilizolimwa California tu. Za Hispania na Italia haziguswi nalo, ndiyo maana maduka mengi ya Marekani yanayotangaza lozi "unpasteurized", yaani zisizopasteurishwa, huuza za kutoka nchi hizo.

Lakini kutoka nje si uthibitisho. Hata Ulaya kuna viwanda vinavyotibu lozi kwa joto. Soma nchi ya asili, kisha uliza.

Kingine cha kujua: kwenye lozi za Ulaya mara chache huchanganyika punje chungu. Uchungu huo unatokana na kemikali inayozalisha sumu ya sayanaidi. Ukikutana na punje chungu, iteme. Moja ya bahati mbaya haitamsumbua mtu mzima, ila usiendelee kula kwa kujilazimisha, na mtoto asiachiwe kabisa.

3. Nje ya Amerika Kaskazini

Hapa ndipo penye kichekesho. Lozi za California zinazosafirishwa nje ya Marekani, Canada na Mexico hazilazimiki kutibiwa. Ambazo hazijatibiwa, masanduku yake yanatakiwa kuandikwa "unpasteurized".

Kwa hiyo mtu wa Sacramento, mwendo mfupi tu kutoka mashambani, anahangaika kuzitafuta, huku mnunuzi wa Dubai akiweza kuwa nazo mezani bila kujua. Umoja wa Falme za Kiarabu ni kati ya wanunuzi wakubwa wa lozi za California.

Kwa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Muscat, somo ni la upande wa pili. Lozi za kupimiwa kwenye gunia au za kwenye pakiti ndogo isiyo na maelezo zinaweza kuwa zimetibiwa au hazijatibiwa. Maandishi yalikuwa kwenye sanduku kubwa, na sanduku liliishia kwa muuzaji wa jumla. Usidhani ziko salama kuliwa hivi hivi kwa sababu tu zinatoka Marekani.

Na tusichanganye mambo: kungu za Pwani, zile za mti wa mkungu, ni tunda jingine kabisa. Sheria hii haihusiani nazo.

Mitego mitatu ya kuepuka

"Ni za kilimo hai, basi ni mbichi." Hapana. Lozi za California zenye nembo ya kilimo hai nazo hutibiwa, ila kwa mvuke au joto, kwani gesi ya PPO hairuhusiwi kwenye bidhaa hizo. Kama shida yako ni gesi tu, nembo hiyo inakutosha. Kama hutaki joto lolote, haikusaidii.

"Ziloweke, zikichipua ni mbichi." Kipimo hiki kinasambaa sana mitandaoni, lakini hakiaminiki. Mbegu ya lozi huhitaji kipindi cha baridi ndipo ichipue vizuri, na iliyozeeka inaweza isichipue hata kama haijawahi kuona moto. Kuvimba nako si dalili, maana hata iliyotibiwa huvimba kwenye maji.

"Ghali ndiyo halisi." Bei haielezi lozi imepitia nini. Kinachoeleza ni jibu la muuzaji.

Maswali manne ya kumuuliza muuzaji

1. Zimelimwa nchi gani?
2. Zimepasteurishwa, ndiyo au hapana?
3. Kama ndiyo, kwa mvuke au kwa PPO?
4. Zilivunwa lini?

Muuzaji anayejua bidhaa yake atajibu bila kuzunguka. Akikwambia tu "ni raw" na kuishia hapo, hajakujibu.

Nani asizile zikiwa hazijatibiwa?

Lozi nyingi mbichi hazina Salmonella. Shida ni kwamba yenye nayo huwezi kuijua kwa kuiangalia, kuinusa wala kuionja.

Kwa mtu mzima mwenye afya, Salmonella kwa kawaida ni kuharisha, homa na maumivu ya tumbo kwa siku kadhaa. Kwa watoto wadogo, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu, hali inaweza kuwa mbaya hadi kulazwa. Hawa ni bora wale zilizotibiwa, bila mjadala.

Wanaotengeneza maziwa ya lozi nyumbani waongeze umakini. Ukiloweka lozi mbichi usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu au juu ya meza, unawapa bakteria unyevu na muda wa kuzaliana. Lowekea kwenye friji, mwaga maji yale, na maziwa yakae kwenye friji pia.

Kama una lozi usizojua historia yake, njia rahisi ya jikoni ni maji yanayochemka. Viwandani, lozi za kumenywa huwekwa kwenye maji ya nyuzi joto 88 kwa dakika mbili hivi, na maji yanayochemka yanavuka kiwango hicho. Zitumbukize kidogo kidogo ili maji yasipoe, zitoe baada ya dakika mbili, umenye, kisha uzikaushe vizuri. Hazitakuwa mbichi tena, lakini hatari ya Salmonella itakuwa imepungua sana.

Kwa ufupi

• Neno "raw" kwenye pakiti ya lozi za California maana yake hazijakaangwa. Halimaanishi hazijapata joto wala gesi.

• Mbichi za kweli, kwa Amerika Kaskazini, ni za mkulima wa California ana kwa ana, au za nje ambazo muuzaji amethibitisha kuwa hazijatibiwa.

• Afrika Mashariki na Ghuba, lozi ya kawaida sokoni inaweza kuwa mbichi kweli bila wewe kujua. Kama ni ya mtoto, mzee au mjamzito, ipitishe kwanza kwenye maji yanayochemka.